Testosteroni jumla au testosteroni huru: ulipie kipimo kipi, na lini

Nianze na karatasi mbili za majibu ya damu, maana kila nikiulizwa swali hili ndo hizo zinazonijia kichwani.

Ya kwanza ni ya kaka yangu, tumbo moja kabisa, miaka 47, anaendesha malori ya kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, ana kitambi na sukari anayo huu mwaka wa nne. Testosteroni ni homoni ya kiume, na jumla yake kwenye damu ya kaka ilitoka 8.5 kwa yuniti za nanomoli kwa lita, ukiigeuza inakuwa nanogramu 245 kwa desilita. Ya pili ni ya mzee mmoja wa miaka 58, mwembamba, anatumia ARV tangu kitambo na anazimeza bila kukosa, yeye jumla yake ilikuwa 15.0, yaani 433. Mpe mtu yeyote hizo karatasi mbili halafu muulize nani anahitaji sindano za homoni, atamnyooshea kidole kaka. Na kweli ndivyo walivyoambiwa, kaka alipangiwa sindano siku ileile kwenye kliniki aliyoelekezwa na jamaa wa jimu, na mzee aliambiwa sehemu nyingine kabisa kwamba homoni zake ziko safi, ni umri na mawazo tu, apumzike.

Wote wawili waliambiwa kinyume. Na ni kwa sababu hakuna aliyeangalia testosteroni huru.

Mi ni mtu wa maabara, kazi yangu kuchukua damu, kuendesha mashine na kutoa majibu, dawa siandiki na wala humu sitakupangia dozi. Ila karatasi hizi napita nazo kila wiki, na naumia sana nikiona mwanaume anaanza tiba ya miaka, pengine ya maisha, kwa namba moja aliyopimwa saa kumi jioni akiwa ameshiba wali.

Kwenye karatasi utakuta imeandikwa Total Testosterone na Free Testosterone. Hiyo ya pili wengi wanaitafsiri "ya bure", kuna baba alishaniuliza dirishani kama hiyo ya bure wanapewa wote au ni wenye bima tu, na nilimwelewa kabisa maana neno lenyewe linachanganya. Maana yake hapa ni huru, haijashikwa na kitu. Kaka nilimwelezea kwa lugha ya kazi yake akanielewa mara moja, nikamwambia chukulia testosteroni ni mzigo unaosafiri kwenye damu. Karibu nusu yake iko ndani ya kontena lililopigwa sili, hilo kontena ni protini inayotengenezwa na ini, jina lake refu ila kila mtu anaiita SHBG, ikishaushika mzigo haiuachii kirahisi. Nusu nyingine iliyobaki karibu yote iko kwenye lori la wazi limefunikwa turubai tu, hiyo ni albumini, njiani unaweza kushusha bila shida. Halafu kuna kidogo sana, kati ya asilimia 1 na 3 hivi, ambacho kimeshashuka, kiko dukani kwenye shelfu, hakijashikwa na mtu. Hicho ndo huru, na ndicho kinachoingia kwenye seli kikafanya kazi.

Testosteroni jumla inahesabu vyote, kontena, turubai na shelfu. Huru inahesabu shelfu peke yake.

Sasa ukiangalia hivyo unaweza kusema basi kila mtu apime huru, kwa nini tuhangaike na jumla? Hapana, subiri kwanza. Jumla ndo kipimo kinachopatikana, mashine nyingi za hospitali za mikoa na maabara binafsi zinaifanya siku hiyohiyo, bei yake inavumilika, na mipaka mingi ya tiba inayotumika duniani imejengwa juu yake. Marekani chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo kinatumia nanogramu 300 kwa desilita kama mstari wa chini. Ulaya wenzao wanatumia nanomoli 12 kwa lita, ambayo ni kama nanogramu 350. Na ilipolinganishwa mizani ya maabara mbalimbali, 2017, vijana wenye afya wa miaka 19 hadi 39 wasio na unene uliozidi walikaa kati ya nanogramu 264 na 916. Angalia upana wa hiyo renji. Mtu mwenye 280 na mwenye 900 wote ni wazima, kwa hiyo ukiniambia "mimi nina 420 nataka nifike 800" sijui nikujibu nini, maana 420 sio ugonjwa.

Udhaifu wa jumla ni mmoja lakini mkubwa, inafuata SHBG inakoenda. Makontena yakiwa mengi jumla inapanda hata kama shelfu ni tupu, yakiwa machache inashuka hata kama dukani mzigo upo wa kutosha.

Na vitu vinavyobadilisha SHBG ndo magonjwa tunayoishi nayo huku kwetu. Inashushwa na kitambi, sukari ya ukubwani, tezi ya thairoidi kufanya kazi chini ya kiwango, figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, dawa kama prednisoloni, na steroidi za jimu zenyewe. Inapandishwa na umri, ini lenye makovu au homa ya ini, maambukizi ya VVU, thairoidi iliyozidi kasi, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini. Sasa hesabu mwenyewe wanaume unaowajua waliovuka 40, wangapi hawamo kwenye mojawapo ya hayo mafungu mawili. Ndo maana naona makosa haya yanatugusa sana.

Rudi kwa kaka na mzee. Tulipima SHBG ya kaka ikaja 12, iko chini. Ya mzee ikaja 90, iko juu sana. Albumini zao zote zilikuwa kawaida, 43. Ukiweka hizo namba tatu kwenye fomula ya mtafiti Vermeulen, ile ya 1999, inakupa huru:

Kaka: jumla 8.5, SHBG 12, huru kama pikomoli 258 kwa lita, yaani asilimia 3 ya mzigo wote.
Mzee: jumla 15.0, SHBG 90, huru kama pikomoli 147, yaani asilimia 1 tu.

Mstari ambao wengi wanautumia kwa huru ni kama 220. Kaka yuko juu yake, mzee yuko chini mbali. Yule mwenye jumla ndogo ndo mwenye mzigo dukani, na yule aliyeambiwa yuko fiti shelfu lake ni jeupe. Mzee nilimsalimia shikamoo nikamwambia mzee wangu naomba urudi na karatasi hii kwa daktari wa homoni, usikubali kuambiwa ni mawazo. Akanitazama muda, akasema "mwanangu, mke wangu alishaanza kudhani nina mwanamke nje". Hilo neno sijalisahau.

Kuhusu huru yenyewe sasa, na hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndo watu wanapigwa hela. Huru inapatikana kwa njia tatu na hazilingani hata kidogo.

Kuna ya dayalisisi, ambapo majimaji ya damu yanawekwa upande mmoja wa utando mwembamba na ile isiyoshikwa na kitu ndo inapenya upande wa pili, halafu inapimwa. Hii ndo kipimo cha kuaminika kuliko vyote, lakini ni ya polepole, inataka vifaa, na mara nyingi sampuli inabidi isafirishwe nje ya nchi, ukae unasubiri wiki na zaidi.

Kuna ya kukokotoa, kama nilivyofanya kwa kaka na mzee, unapima jumla, SHBG na albumini halafu fomula inamalizia. Kikokotoo kipo bure mtandaoni. Hii ndo mi nawashauri watu wetu, inakaribiana vizuri na dayalisisi na gharama yake ni kuongeza SHBG tu, albumini ni kipimo cha kawaida kabisa.

Halafu kuna ya vitendanishi vya moja kwa moja, unaweka damu kwenye mashine inakutolea "free" papo hapo. Hii ni rahisi kupatikana, inaonekana ya kisasa, na ndo ya kuikwepa. Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kilishasema wazi isitumike, maana haiko sahihi, mara nyingi inaenda ikiifuata jumla yenyewe, kwa hiyo unakuwa umelipa mara mbili kwa habari ileile. Kibaya zaidi namba zake zinatoka chini mara kadhaa kuliko za dayalisisi. Nina kijana wa miaka 33 alikuja anatetemeka, huru yake imetoka pikogramu 14 kwa mililita, amesoma mahali kwamba chini ya 64 ni upungufu, akajiona ameisha. Sasa hiyo 64 ni ya dayalisisi na ya kukokotoa, ndo sawa na ile 220 ya pikomoli, kwa kipimo alichofanyiwa yeye 14 iko katikati ya renji tu. Siku tatu hakulala yule mtoto wa watu. Kwa hiyo ukiletewa jibu la huru uliza swali moja, mmepata kwa njia gani? Wasipojua, usilitumie.

Yuniti nazo zinaumiza watu. Jumla hiyohiyo maabara moja itaandika 4.5, nyingine 450, nyingine 15.6, na zote ni sawa, ya kwanza ni nanogramu kwa mililita, ya pili nanogramu kwa desilita, ya tatu nanomoli kwa lita. Ya kwanza zidisha kwa 100 upate ya pili, ya tatu zidisha kwa 28.8 upate ya pili pia. Usilinganishe namba na mtu kabla hujasoma kilichoandikwa pembeni yake.

Haya, uchague kipi. Mi naona uanze na jumla siku zote, hata kama una hela ya vyote, ila ipimwe vizuri. Kupimwa vizuri maana yake kati ya saa moja na saa nne asubuhi, hujala kitu, umelala usiku wa kutosha. Testosteroni iko juu asubuhi halafu inashuka mchana, kwa vijana inashuka zaidi kuliko wazee, na chakula chenye sukari nacho kinaivuta chini. Mlinzi aliyekesha lindo akija moja kwa moja kutolewa damu namba yake haitasema ukweli, bora aje siku aliyolala usiku. Ukiwa na malaria, taifodi, umetoka kufanyiwa upasuaji, acha kwanza upone, mwili ukiumwa unashusha testosteroni wenyewe. Na kama unameza vidonge vya biotini vya nywele na kucha, sema, maana mashine zingine zinadanganywa na biotini zinatoa testosteroni ya juu isiyokuwepo, simamisha siku kadhaa kabla. Halafu ikitoka chini, rudia asubuhi nyingine kabla hujaamini. Nimeona ya kwanza 260 ya pili 390, mtu huyohuyo, mwezi huohuo.

Ikitoka juu vizuri, tuseme nanogramu 450 na kuendelea, na huna chochote kwenye yale mambo yanayopandisha SHBG, hela ya huru weka mfukoni. Shida yako ya nguvu au uchovu iko kwingine, angalia sukari, presha na dawa zake, usingizi na kukoroma, pombe, sonona, na mambo ya nyumbani. Ikitoka chini kabisa mara mbili, chini ya nanomoli 8, na wewe sio mnene, hapo tena huru haitaongeza kitu kikubwa, hela hiyo ni bora iende kwenye LH, FSH na prolaktini, homoni zinazotoka kwenye tezi ya pituitari kichwani. LH ikiwa juu tatizo liko kwenye korodani zenyewe, labda uliugua matubwitubwi ukubwani yakashuka chini au ulizaliwa na hitilafu ya kromosomu. LH ikiwa chini au kawaida wakati testosteroni iko chini, tatizo liko kichwani kwenye tezi ya pituitari, au ni dawa, na hapa tramadoli inahusika sana na watu hawasemi wanaitumia.

Huru inalipiwa katikati hapo, jumla ikiwa kati ya nanomoli 8 na 12, au ikiwa popote pale lakini una kitambi, sukari, ini, VVU, thairoidi, dawa za kifafa, au umeshazeeka kidogo na dalili zako hazikubaliani na namba. Hapo usibahatishe, omba SHBG na albumini kwenye damu ileile ya asubuhi.

Na dalili zenyewe zihesabiwe. Ulaya waliwachunguza wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79 katika miji minane, majibu yakatoka 2010, na ili mtu ahesabiwe ana upungufu wa ukubwani walitaka vitu vyote vikutane, jumla chini ya nanomoli 11, huru chini ya pikomoli 220, na dalili tatu za kitanda, kukosa kusimama alfajiri, hamu kupungua, na nguvu kupungua. Waliokidhi vyote walikuwa kama wawili kwa kila mia. Wawili! Sasa mitandaoni huku ukiuliza kila mwenye usingizi mchana anaambiwa homoni zimeshuka. Uchovu peke yake ulikuwa hauwatofautishi vizuri, ila hilo la alfajiri lilikuwa linawatofautisha, kwa hiyo daktari akikuuliza kuhusu asubuhi usione haya, jibu ukweli, anauliza kitu cha maana.

Kwa ambaye tayari yuko kwenye tiba mambo yanabadilika kidogo. Hapa kipimo cha kufuatilia ni jumla, na kinachoharibu ni siku ya kuchukua damu. Ukiwa kwenye sindano za wiki moja au mbili, enanthate au cypionate, pima katikati ya sindano mbili, ukipima kesho yake utakuta mlima na ukipima siku ya kuchomwa tena utakuta bonde, na vyote viwili vinaweza kumfanya daktari abadilishe dozi bila sababu. Katikati hapo inategemewa iwe kama nanogramu 350 hadi 600. Ukiwa kwenye ile ya mafuta ya undecanoate inayokaa wiki 10 hadi 14, pima mwishoni, kabla tu ya kuchomwa inayofuata. Jeli, masaa mawili hadi manane baada ya kupaka, na tafadhali mwambie anayekutoa damu umepaka wapi, asitoboe ngozi yenye jeli, maana nimeshaona namba ya ajabu kumbe ni ile iliyobaki juu ya mkono.

Ila huru inarudi kuwa na kazi kwenye tiba kwa watu wenye SHBG ya chini kama kaka. Hao wakipewa testosteroni jumla yao haipandi sana, makontena hayapo ya kuishika, na testosteroni yenyewe inazidi kuishusha SHBG. Daktari akifukuza jumla ifike 600 ataongeza dozi na kuongeza, huku huru imeshapita kiwango zamani na damu inaanza kuwa nzito. Kwa hiyo ukiona unaongezewa dozi kila mara na namba haiji, omba huru ikokotolewe kabla ya nyongeza inayofuata.

Na damu nzito sio maneno tu. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ipimwe kabla ya kuanza, kati ya mwezi wa tatu na wa sita, halafu kila mwaka, ikivuka asilimia 54 tiba inasimamishwa. Tezi dume nayo, kipimo chake cha damu kinachoitwa PSA kifanyike kabla na katika mwaka wa kwanza. Mwenye saratani ya tezi dume, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miezi sita, moyo uliochoka usiodhibitiwa, hao hawaanzishiwi. Kuhusu moyo kwa ujumla, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2023 wenye wanaume zaidi ya 5,200 ulionyesha waliopewa jeli ya testosteroni hawakupata mashambulio ya moyo na viharusi zaidi ya waliopewa jeli tupu, lakini mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia vilikuwa zaidi kidogo kwao. Wale walikuwa wamethibitishwa kwanza, jumla chini ya nanogramu 300 mara mbili asubuhi, na wana dalili. Usichukue majibu yao ukayavaa wewe uliyepima mara moja jioni.

Kitu kingine ambacho lazima nikiseme, na nakisema kwa uchungu. Kuna kijana kaja kupima mbegu, wametafuta mtoto miaka miwili na mke wake, hesabu ikatoka sifuri. Namuuliza unatumia dawa gani, anasema kuna sehemu walimpa sindano za testosteroni "kuongeza nguvu ya mbegu". Ndugu zangu, testosteroni ya nje inazima LH na FSH, korodani zinaacha kufanya kazi yake, mbegu zinashuka hadi sifuri. Kwa wengi zinarudi wakiacha, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Kama unataka mtoto karibuni, haijalishi jumla yako ni ngapi wala huru ni ngapi, sindano hizo sio zako, daktari wa uzazi wa wanaume ana dawa za aina nyingine zinazoziamsha korodani badala ya kuzizima. Yule kijana mke wake alikuwa amekaa benchi la nje, miaka miwili anaambiwa na mawifi tatizo ni yeye.

Mzee alifika kwa daktari wa homoni. LH yake ilikuwa juu, korodani zimechoka kweli, PSA nzuri, hematokriti ilikuwa ya chini hata, wakamuanzishia jeli dozi ndogo huku wanamfuatilia. Kwenye karatasi yake ya ufuatiliaji wanaandika jumla na huru zote mbili, maana kwa SHBG ya 90 jumla peke yake haitamwambia mtu chochote.

Kaka hakuchoma. Tulibishana kwenye simu usiku mmoja yuko Makambako kalala ndani ya lori, ananiambia mdogo wangu mbona unaninyima dawa, nikamwambia kaka sikunyimi, shelfu lako lina mzigo, kilichopungua ni makontena na kinachoyapunguza ni hicho kitambi na sukari. Alinyamaza. Akaacha soda za barabarani, ugali wa usiku akapunguza, akawa anatembea akifika vituo vya mizani badala ya kukaa kwenye kibanda cha chipsi. Miezi minane kilo tisa zimetoka, sukari imetulia. Tukampima tena Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, hajala, SHBG imepanda toka 12 hadi 21, jumla toka 8.5 hadi 11.8, na huru ya kukokotoa toka 258 hadi kama 298, bila tone la sindano. Ya alfajiri sikumuuliza, ni kaka yangu mkubwa, ila shemeji kaniletea kuku wawili toka kijijini na hakusema ni wa nini.